Nataka kuziandika hadithi za Anansi za mama mkwe ili watoto wazisome. Nitumie tahajia gani?

Mama Nuru (Birmingham)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, na huu ni mwaka wa 11 niko Birmingham. Mume wangu amezaliwa hapahapa, lakini wazazi wake wametoka Jamaika, parokia ya Saint Mary, ambayo kwao ni kama wilaya. Baba mkwe ametangulia. Mama mkwe tunaishi naye, ana miaka 81. Kwa hiyo nyumba yetu ina lugha tatu: Kiingereza cha shule, Kiswahili changu, na Patwa ya bibi, yaani lugha ya Wajamaika ya nyumbani.

Mwezi wa tisa binti yangu Nuru, miaka 7, alirudi na daftari lenye mstari mwekundu. Aliandika habari za Jumapili yetu, na sentensi moja ikaja kama inavyosemwa jikoni: *mi granny a cook*, yaani bibi yangu anapika. Mwalimu alipiga mstari na kuandika pembeni kwamba aongee vizuri. Tangu siku hiyo bibi akimwita kwa Patwa, mtoto anaitikia kwa Kiingereza cha darasani, tena kwa sauti ya chini.

Nilidhani mama mkwe atakasirika. Hakukasirika. Alisema mwalimu ana haki, hiyo si lugha, ni Kiingereza kilichovunjika, na yeye mwenyewe alichapwa kwa sababu yake alipokuwa mdogo kuliko Nuru. Alisema hivyo huku anaosha mchele, hata hakuinua uso. Sikulala vizuri usiku ule.

Maana huyu mama ana hazina. Ana hadithi za Anansi, buibui ambaye pia ni mtu, mjanja, mlafi, mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno. Zimetoka kwa Waakan wa Ghana, zikavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Ukimsikiliza utasema ni Sungura wetu, isipokuwa huyu ana miguu minane. Kabla ya hadithi hutega vitendawili, *riddle me this, riddle me that*, nami moyoni najibu "tega!" Akimaliza husema *Jack Mandora, me no choose none*, yaani hadithi sikuichagua mimi, sijamsema mtu hapa. Na hazisimulii mchana, hata umbembeleze vipi. Bibi yangu wa Muheza alikuwa hivyohivyo.

Nia yangu ni kutengeneza vitabu vidogo vya karatasi za kukunja, watoto wachore wenyewe. Nimepata ukumbi wa kanisa kila Jumamosi na watoto 9, wengi wao wajukuu wa Kijamaika. Ninachouliza: maneno ya bibi niyaandike vipi? Kila Mjamaika ninayemuuliza anaandika kwa namna yake. Na je, Kiswahili nikiweke ukurasa uleule?

Mpwani wa Toronto

Dada, usijitie kwenye kazi ngumu. Andika kama watu wanavyoandikiana kwenye simu: *pickney* (mtoto), *likkle* (kidogo), *nyam* (kula). Kila mtu atasoma.

Huku Toronto ndiko alikofia Miss Lou, Louise Bennett-Coverley, mwaka 2006. Huyo ndiye aliyeinua Patwa ikasimama jukwaani tangu enzi za ukoloni, na mashairi yake aliyaandika kwa herufi hizohizo za kukopa kwa Kiingereza. Mke wangu ni wa Kingston, na akimtaja Miss Lou hataji vitabu kwanza. Anataja Ring Ding, kipindi cha watoto cha televisheni ya Jamaika kilichoanza 1970 na kumalizika 1982. Watoto walikaa wakamzunguka, mmoja anaimba, mwingine anatega kitendawili, naye katikati na vazi lake la kitambaa cha mirabamiraba. Watoto wa nchi nzima waliona mtu mzima anaongea kwenye televisheni kama bibi zao. Hilo ndilo Nuru analolihitaji, tahajia baadaye.

Mwalimu Mstaafu (Mombasa)

Mama Nuru, mwanangu, marahaba.

Nimefundisha lugha miaka mingi, na nilisoma shule ambayo aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo mstari huo mwekundu ninaujua. Niruhusu niseme kwa urefu.

Tuanze na hilo neno "kilichovunjika", maana ndilo lililomwingia mama mkwe wako tangu utotoni. Kiingereza kina *you* kwa mtu mmoja na *you* kwa watu mia. Patwa ina *yu* kwa mmoja na *unu* kwa wengi, kama sisi na wewe na ninyi, na hilo *unu* wanaisimu hulihusisha na Kiigbo, lugha ya Nigeria. Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya mwanamume na mwanamke kabla hujasema lolote. Patwa ya wazee husema *im* kwa wote, kama a- yetu katika "anakuja". *Im a kom*, anakuja. *Im wi kom*, atakuja. *Mi sik*, naumwa, bila kitenzi cha kuwa katikati. *Di pikni dem*, watoto, wingi ukakaa mwishoni. Wanarudia neno kama sisi: *likl-likl* ni kidogokidogo, na mtu mwenye maneno mengi ni *chati-chati*. Kitu kilichovunjika hakiwi na kanuni zinazofuatwa na kila mzee wa Saint Mary bila kufundishwa darasani. Msamiati mwingi ni wa Kiingereza, kweli, kama wetu ulivyojaa Kiarabu, wala hakuna anayetuambia tunasema Kiarabu kilichovunjika.

Sasa tahajia. Ndugu yangu wa Toronto amesema kweli kuhusu Miss Lou, lakini hapo kwenye simu siendi naye. Tahajia ya kukopa humfanya mtoto aone kila neno ni kosa la Kiingereza. *Likkle* linaonekana kama *little* iliyokosewa. Ule mstari mwekundu tayari umo ndani ya neno.

Ipo tahajia nyingine. Mwanaisimu Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaika, aliipendekeza mwaka 1961, na mwaka 1967 yeye na Robert Le Page wakatoa kamusi kubwa ya Kiingereza cha Jamaika. Baadaye Kitengo cha Lugha ya Jamaika, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, kikairekebisha. Kuanzia 2004 kitengo hicho kikaendesha mradi wa kufundisha shule za msingi kwa lugha zote mbili, na Agano Jipya la Kijamaika lililotoka 2012 limeandikwa kwa tahajia hiyohiyo.

Na hapa ndipo wewe, mtu wa Muheza, una bahati ambayo pengine mumeo hana. Tahajia hii husomwa kama ilivyoandikwa. A, e, i, o, u ni zetu. Irabu ndefu huandikwa mara mbili: *skuul*, nasi pwani twasema skuli. Kitabu ni *buk*, nasi tuna buku. Kuna miunganiko michache ya kuzoea: *ie* kama katika *kiek*, keki, na *uo* kama katika *guot*, mbuzi. Mtoto aliyefundishwa ba-be-bi-bo-bu na mama yake ataisoma kabla ya mtoto anayejua Kiingereza peke yake. Mjaribu Nuru.

Ila usimlazimishe bibi. Wajamaika wengi wameizoea ile ya kukopa, na wapo wanaoiona hii ngeni kabisa. Mrekodi usiku anaposimulia, kisha andika alichosema, usikilainishe wala kukifupisha.

Kiswahili usikiweke ukurasa huo. Watoto wale 9 si wa Kiswahili, na lugha iliyozoea kukaa pembeni haifai kusogezewa mgeni kwenye ukurasa wake wa kwanza. Nuru mtengenezee kitabu chake cha Sungura, kwa Kiswahili, kikae rafu moja na cha Anansi.

Mama Wawili (Bristol)

Mimi sina elimu ya mwalimu, ila nimesaidia kikundi cha Jumamosi cha akina mama wa Karibiani miaka 3. Mtoto hakai na kitabu saa nzima, mikono lazima ipate kazi.

Mchezo wa mawe uliwashika kuliko vyote. Watoto wanachuchumaa duara, kila mmoja na jiwe, wanaimba wimbo wa kuvunja kokoto barabarani na kupitisha mawe kwa mapigo. Ukichelewa, kidole kinapondwa. Maneno ya Patwa yanaingia bila mtu kuyafundisha, kwa sababu ukikosa neno unakosa pigo. Kwa watoto wadogo tulitumia viazi mviringo.

Pasaka tengenezeni tiara. Jamaika Pasaka ni msimu wa kurusha tiara, na sisi tuliokulia pwani tunajua njiti za chelewa na karatasi. Tuliandika neno moja la Patwa kwenye kila mkia.

Na tafuta nazi. Wana kitu wanaita *grater cake*, nazi iliyokunwa na sukari, nyeupe chini na waridi juu. Dada, ni kashata! Nilipoionja mara ya kwanza machozi yalinitoka mbele za watu. Kama una mbuzi ya kukunia, ipeleke ukumbini. Watoto wa hapa hawajawahi kuona nazi ikikunwa mtu akiwa ameikalia.

Mama Nuru (Birmingham)

Nimerudi, baada ya wiki tatu. Asanteni sana, na mwalimu, Mungu akuzidishie.

Nilimrekodi mama mkwe usiku mmoja, hadithi ya Anansi na chungu. Nikaiandika kwa tahajia ya Cassidy, jioni nne mezani, nikirudia sauti yake mara kwa mara. Nilipompa karatasi alivaa miwani, akaitazama, akairudisha. Akasema hawezi kuisoma, hii ni ya watu gani? Nilivunjika moyo kidogo. Anasoma Biblia yake ya Kiingereza kila siku, na macho yake yamezoea huko.

Nuru akaichukua. Sikumwomba. Akaanza kama anavyosoma Kiswahili na mimi, silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari: *Wans apan a taim, Anansi en av wan big pat*, yaani hapo zamani Anansi alikuwa na chungu kikubwa. Hakujua anasoma nini mpaka masikio yake yakamwambia. Akacheka, akarudi mwanzo, sasa kwa sauti ya bibi kabisa, ile ya kuvuta.

Mama mkwe alivua miwani. Akasema mtoto anaongea kama mama yake yeye, aliyezikwa Saint Mary. Akamwambia asome tena. Kisha akamkatiza: *Big-big. Mi se big-big.* Nilisikiliza rekodi, ni kweli, neno moja nilikuwa nimeliruka. Nuru akachukua kalamu akaliongeza.

Sasa bibi ndiye msahihishaji. Kila ukurasa Nuru anamsomea, naye anasema sawa au anasema rudia. Tuna vitabu viwili tayari, kurasa 8 kila kimoja, na picha ya Anansi aliyechorwa na mtoto wa jirani akiwa na viatu vinane.

Kiswahili nimekitenga kama ulivyoshauri, mwalimu. Kile cha Sungura kimefika ukurasa wa tatu.

Kuhusu ukumbi, mama mkwe amekubali kuja mwenyewe, kwa sharti moja: hatasimulia mchana. Nimezungumza na wenye ukumbi, watatuachia mpaka saa kumi na mbili jioni. Novemba hii Birmingham giza linaingia kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo tutaanza na mawe na nazi, na taa za barabarani zikiwaka bibi atakaa kwenye kiti.

Mama Wawili, mbuzi ninayo, ilikuja na mizigo ya harusi. Hizo kashata mlitia rangi ya nini, au mlitumia juisi ya kiazi chekundu?