Ushauri: CD zipi za PS4 za kuanzia banda la gemu Busia?

Kipa_wa_Mtaa
Wakuu, banda liko Busia upande wa Uganda. PS4 Slim mbili za GB 500, TV mbili za inchi 32, pedi nne, intaneti hakuna. Mteja analipa kwa mechi, si kwa saa. Hela iliyobaki inatosha CD tano za mitumba. Muuzaji anazo: FIFA 19, PES 2021, Mortal Kombat 11, Tekken 7, GTA V, Red Dead Redemption 2, Gran Turismo 7, Crash Team Racing Nitro-Fueled na It Takes Two. Nichukue zipi? Nataka za biashara, za nyumbani baadaye.

FundiPedi
Gemu ya banda ina mitihani miwili: zamu inaisha kwa dakika ngapi, na je, watu wawili wanacheza kwenye TV moja bila intaneti?

Red Dead Redemption 2: kazi safi kuliko zote ulizotaja, na kwako ni hasara tupu. Mchezaji mmoja, CD mbili, inakula zaidi ya GB 100, na mteja akishapanda farasi hashuki mpaka jioni.

GTA V: wataiulizia kila siku. Nayo ni ya mtu mmoja. Ukiichukua, hiyo utoze kwa saa, na kila mteja wa kudumu mfungulie jina lake kwenye mashine, la sivyo mmoja atafuta safari ya mwenzake na ugomvi utakuwa wako.

Gran Turismo 7: achana nayo. Sehemu kubwa haifunguki bila intaneti. Machi 2022 seva zilizima zaidi ya siku nzima, na walioilipia bei kamili wakabaki wanaitazama tu.

It Takes Two: ilichukua gemu ya mwaka 2021 kwenye The Game Awards, kwa haki kabisa. Ila inataka watu walewale wawili kwa saa kumi na zaidi. Ya mume na mke hiyo.

Tekken 7: gemu ya mapigano, anza na hii. Raundi sekunde 60, mwenye raundi tatu ameshinda, dakika tatu nne watu wamepokezana pedi. Mgeni akimchagua mpiganaji Eddy na kubonyeza ovyo, humpiga fundi mara mojamoja, na hapo fundi atalipia marudiano.

MpiraKwanza
FIFA 19 usiikose, hata kama vikosi vimezeeka. Weka kila nusu dakika 4. Ukijumlisha kubadilisha wachezaji na marudio ya mabao, ni kama dakika 10. Mkitoka sare, mtabishana nani abaki kitini, kwa hiyo ingia sehemu ya Kick Off uchague fainali ya kombe: ina muda wa nyongeza na penalti. Foleni ikiwa ndefu, nenda House Rules, mchezo wa kutangulia kufikisha mabao. Weka mawili. Mchezo wa Survival nao unachekesha: ukifunga, mchezaji wako mmoja anatoka uwanjani.

Mzee_wa_PES
PES 2021 mpira wake unatembea vizuri kuliko FIFA, hilo nabishana na yeyote. Tatizo ni majina: Liverpool inaitwa Liverpool R, Chelsea ni Chelsea B, na wateja wa Uganda hawatavumilia. Dawa ni faili la majina na jezi. Kwenye flashi tengeneza folda WEPES kwa herufi kubwa, isiwe ndani ya folda nyingine. Tia humo picha na mafaili yote. Kwenye gemu ingia Edit, kisha Import/Export, uingize timu. Usizime mashine katikati. Na kazi hiyo hukaa kwa jina ulilolitumia: ukifungua PES kwa jina lingine, Liverpool R imerudi.

Mama_Krash
Mnaisahau Crash Team Racing! Watu wanne kwenye skrini moja, mizunguko mitatu, watoto wanapiga kelele barabara nzima inasikia. Kusubiri njia ya mbio ipakie ndiko kunachosha, ni polepole mno.

FundiPedi
Wanne ni pedi nne, Mama. TV ya pili itabaki pambo. Achezeshe wawili wawili.

Mortal Kombat 11: mapambano ya watu wawili yanakwenda bila intaneti, ila Krypt, sehemu ya kufungulia zawadi, haifunguki. Ni ya 18 na kuendelea, kwa sababu ya damu. Watoto wa shule wakiingia, itoe.

Kipa_wa_Mtaa
CD za mitumba nazikaguaje? Na moja si nitaingiza kwenye mashine zote mbili?

FundiPedi
Utaingiza, lakini haichezi mpaka CD iwe ndani. Mashine mbili, FIFA mbili.

Kukagua: iinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba si neno; inayoshikwa na kucha, rudisha. Usimwamini anayesema ataing'arisha kama DVD. CD ya PS4 ni Blu-ray, na humo data iko milimita 0.1 tu chini ya uso, kwenye DVD ni 0.6. Akisugua, ameua. Kisha dai iinstoliwe mbele yako mpaka mwisho. CD mbovu hukwama katikati, menyu ya mwanzo haikuonyeshi kitu.

Kipa_wa_Mtaa
Basi FIFA 19 mbili, PES, Tekken, Crash. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikikata mechi ikiwa dakika ya 85?

MpiraKwanza
UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 650 kwa kila meza, na TV uichomeke humohumo. Betri ikiwa mpya una dakika kama kumi, mechi inaisha na mashine unaizima kwa utaratibu. Ikizimika ghafla wakati inahifadhi, faili la PES linaweza kuharibika, urudie kazi yote ya Mzee.

Mzee_wa_PES
Ndiyo maana ile flashi haifutwi.