Mrejesho: Ortigia, Siracusa

Wakuu, nimerudi salama. Niliuliza nifikie wapi Siracusa, kule Sicily, mkaniambia nilale Ortigia penyewe, kile kisiwa chenye mji wa kale, na nitembee kwa miguu. Nilifanya hivyo, asanteni sana. Kanisa kuu lile ni balaa: nguzo za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, za karne ya 5 KK, bado zimo ukutani, unazigusa kabisa. Na aliyenitajia granita (barafu laini tamu) ya lozi na mkate wa brioche asubuhi, Mungu ambariki!

Ufukwe ndio ulinisumbua. Cala Rossa ni kadogo, kokoto tupu, na watu wamejazana. Fontane Bianche mchanga upo, maji mazuri, ila basi la kurudi nililisubiri hadi nikakata tamaa, nikapanda teksi ya bei ya kuumiza. Mwenye gari atafaidi zaidi.