Kwa nini samaki huonekana kama upinde kwenye skrini ya sona?

Mvuvi wa Ukerewe:
Ndugu zangu, nimefunga sona, kifaa cha kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, kwenye mashua yangu na ninaona pinde nyingi. Je, upinde mrefu ndio sangara mkubwa?

Fundi Mashua:
Si lazima, ndugu. Mawimbi ya sauti hushuka yakitanuka mfano wa mdomo wa tarumbeta, hivyo samaki anapoingia pembezoni huwa mbali na kifaa, akifika katikati hukaribia, na akitoka huwa mbali tena. Mabadiliko hayo ya umbali ndiyo huchora upinde. Urefu wake huonyesha muda aliokaa ndani ya mawimbi, kwa hiyo mashua ikisimama, hata furu mdogo aliyetulia huchora mstari mrefu. Tazama zaidi unene wa alama.

Mama Mwaloni:
Niongeze kwamba kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni bondo, yaani kifuko cha hewa ndani ya samaki, lile lile tunalogombea bei na wachuuzi, kwa sababu limejaa gesi. Kundi la dagaa huonekana kama wingu.

Mvuvi wa Ukerewe:
Nashukuru. Jana nilikuwa nimetia nanga, na mistari yote ilikuwa mirefu.