UKOO WA KISESA 🌾 (kikao cha Nyanzobe)

Ijumaa

Shangazi Mama Kulwa 18:02
Habari za jioni wapendwa. Kama mnavyojua barua ya Nyanzobe imetoka, Afisa Sheria halmashauri, anaripoti jumatatu. Huyu mtoto kakaa nyumbani na digrii yake mpaka tukachoka kuulizwa na majirani, sasa Mungu ametenda. Naomba jumapili tukae naye hapa kwangu Nyamanoro saa 9 mchana tumwambie kwa upendo kuhusu yale mavazi. Yale meusi, kile kipini cha puani, nywele upande zimenyolewa upande zimeachwa. Halafu mchango wa nguo za ofisini, suti mbili na viatu vya kawaida, 20,000 kila mtu, namba ni ile ile

Shangazi Mama Kulwa 18:03
Msisome mkanyamaza

Kulwa Kirumba 18:31
Mama suti za rangi gani

Shangazi Mama Kulwa 18:31
Rangi ya heshima. Bluu ya kiza au kijivu

Kulwa Kirumba 18:32
Na nyeusi siyo ya heshima? Mbona ya harusi ya bamdogo ilikuwa nyeusi 😂

Shangazi Mama Kulwa 18:32
Kulwa siongei na wewe

Bamdogo Mabula 18:50
Nimetuma 10, nyingine mwisho wa mwezi. Kwani huko kazini wamelalamika?

Shangazi Mama Kulwa 18:53
Hawajamwona bado ndo maana tunawahi!! Kuna Waraka wa Utumishi Na. 3 wa 2007, wa mavazi, jirani yangu kanionyesha. Mtumishi wa umma havai anavyojisikia

Shemeji Nansio 19:14
Samahanini mtandao wa huku unasumbua, ndo naona meseji za nguo nyeusi na michango. Nani amefariki?

Kulwa Kirumba 19:14
😂😂😂😂

Shangazi Mama Kulwa 19:15
Hakuna aliyefariki shemeji. Soma juu

Shemeji Nansio 19:15
Afadhali. Nilishaanza kuulizia meli

Anko Masanja 19:40
Na mkasi ataleta nani?

Shangazi Mama Kulwa 19:41
Masanja tusianze

Anko Masanja 19:41
Nauliza tu dada. Ule wa Magu bado upo au ulipotea

Bamdogo Mabula 19:44
Tulikubaliana Magu haitajwi humu

Anko Masanja 19:52
Mlikubaliana nyie. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nanyolewa rasta mbele ya waombolezaji, mkaniambia ni kwa ajili ya kazi ya kiwanda cha samaki, kesho yake nimeenda na upara wangu unang'aa na kazi wakampa mwingine. Sasa nikisikia "kwa upendo" najua kinachofuata

Kulwa Kirumba 19:53
[stika]

Shangazi Mama Kulwa 19:53
Kulwa futa hiyo

Kulwa Kirumba 19:58
Ila anko hata wale jamaa wa Brazzaville Kongo wa sape, wale watanashati, mchana dereva teksi jioni suti ya pinki na kiko mdomoni, mbona wanaheshimika. Tumnunulie dada kiko

Shangazi Mama Kulwa 20:10
Waliotuma mpaka sasa ni Mabula nusu. Tuko watu 14 humu

Nyanzobe 21:47
Shikamooni wote. Shangazi mimi nimo humu tangu saa 12 nasoma. Huo waraka niliusoma wote kabla ya usaili kwa sababu sheria ndo kazi yangu, shida yake kubwa ni nguo fupi, za kubana na za kuonyesha maungo, sasa sketi zangu zinafika kwenye vifundo na mikono nafunika mpaka kiganjani, hapo nani ana kosa. Na mahakamani wakili anavaa joho jeusi na bendi nyeupe shingoni na hakuna anayemuuliza nani kafa. Mpango wangu nilishaupanga peke yangu, kipini nakitoa kila asubuhi nakirudisha nikifika home, tundu lilishapona zamani si rahisi lizibe kwa saa nane, pale paliponyolewa nasukia za juu zinalala zinafunika, rangi ya mdomo nyeusi ni ya jumamosi, buti nilizozipata kwenye marobota ya Mlango Mmoja zinabaki chini ya kitanda. Kazini ni suti nyeusi iliyopigwa pasi na pini moja ya fedha kwenye kola. Hata wenzetu wa nje wenye kazi za benki na hospitali wanafanya hivyo hivyo, mtindo huu unaitwa gothi, na gothi ya ofisini unaijua ukiwa na wewe ni wa humo, asiye wa humo anaona mtu nadhifu tu

Nyanzobe 21:58
Na gothi siyo uchawi, naomba hili lisirudiwe tena mbele ya mama. Ulikuwa muziki wa vijana wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 70, walitoka kwenye panki, ule muziki wa magitaa wa kasi, wakaufanya wa polepole na wa huzuni, 1982 wakawa na klabu yao London ikiitwa Batcave, na mji wa Whitby una tamasha lao tangu 1994, waliokuwa vijana enzi hizo leo wengine wana wajukuu. Na ule mpira mweusi wa kuvaa mkononi ambao shangazi aliuvuta kanisani nauvaa kwa ajili ya Sophie Lancaster. Alikuwa na miaka 20, mwaka 2007 alipigwa na vijana kwenye bustani ya mji wa Bacup huko huko Uingereza, yeye na mpenzi wake, kisa walivyovaa. Alifariki. Polisi wa Manchester 2013 wakaanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Kwa hiyo vingine vyote nitavitoa mlangoni kwa ofisi ila huo mpira nitauficha chini ya mkono wa shati, sitautoa

Nyanzobe 21:59
Msinitafutie sababu jamani. Hakuna aliyeniumiza. Napenda, kama shangazi anavyopenda vitenge

Bamdogo Mabula 22:15
Mimi hoja yangu ni joto tu. Koti la ngozi na Mwanza hii si unaiva humo ndani 😂

Shemeji Nansio 22:16
Sangara wa kubanika

Kulwa Kirumba 22:16
😂😂😂 shemeji mtandao umerudi

Shangazi Mama Kulwa 22:24
Chekeni. Nyanzobe mwanangu, pole kwa yule binti, hilo sikulijua. Ila bosi wako hatakusomea waraka, atakuangalia mara moja ukiingia mlangoni na ameshamaliza. Una mwaka mzima wa majaribio kabla hujathibitishwa kazini na mtu mmoja tu akikuchukia mavazi atakutafutia kosa lingine la kuandika. Nimeona watu wakitolewa hivyo. Mimi naogopa njaa, siogopi nguo. Ukishathibitishwa vaa hata gunia nitakushonea mwenyewe

Anko Masanja 22:30
Na mimi niliambiwa hivyo hivyo

Mama Nyanzobe 23:05
Nimetoka zamu sasa hivi. Naona kikao cha mwanangu kina siku, saa na mchango. Mimi niliyemzaa hakuna aliyenipigia

Mama Nyanzobe 23:06
Usiku mwema

Jumamosi

Babu Kisesa 05:12
MWANGALUKA WOTE. NIMESOMEWA NA MJUKUU TANGU MWANZO. BABA YANGU ALIKUWA KARANI WA PAMBA WA CHAMA CHA USHIRIKA. KAPTULA YA KAKI SOKSI NDEFU KALAMU MFUKONI. PAMBA IKIISHA KUPIMWA ANAVUA ANAJIPAKA ANAINGIA NGOMA NA BAYEYE WALE WACHEZA NYOKA, CHATU SHINGONI. PADRI ALIJUA. WAZUNGU WA GINARI WALIJUA. JUMATATU YUKO KWENYE MIZANI NA HESABU ZAKE SAWA. HAKUNA ALIYEMFUKUZA

Babu Kisesa 05:19
MASANJA ALINYOLEWA KWA AMRI YANGU. DADA YAKE ALITUMWA MKASI TU. ASISEMWE TENA KWA HILO. MWENYE NENO AJE ANIAMBIE MIMI NIKO HAI

Babu Kisesa 05:23
KIKAO KIJE HAPA KISESA. MTOTO AJE AMEVAA HIVYO ANAVYOPENDA NA BUTI ZAKE. HIYO SUTI AILETE KWENYE MFUKO. NIONE ZOTE MBILI NDIPO NISEME

Bamdogo Mabula 06:40
Shikamoo baba

Kulwa Kirumba 07:02
Shikamoo babu

Shangazi Mama Kulwa 07:10
Shikamoo baba. Tumesikia

Mama Nyanzobe 07:31
Shikamoo baba. Wabeja sana

Shangazi Mama Kulwa 08:15
Haya basi ni Kisesa kesho, tukutane Igoma stendi saa 7 tuondoke pamoja. Shemeji uliahidi sato. Mama Nyanzobe nakupigia sasa hivi nisamehe pokea simu. Nyanzobe hakikisha suti unayo

Nyanzobe 09:40
Shikamoo babu, nitakuja na buti. Shangazi suti iko kwa fundi Mabatini, anasema jumanne

Shangazi Mama Kulwa 09:41
JUMANNE?? Unaripoti jumatatu!!

Nyanzobe 09:43
Nilimwambia. Anasubiri hela ya kitambaa

Kulwa Kirumba 09:50
Mi nina koti la gradyueshen kama linamtosha. Jeusi

Shemeji Nansio 10:22
Sato nimempa mtu wa meli ila sijajua kama atafika leo

Shangazi Mama Kulwa 10:25
Masanja na wewe unakuja? Baba kakuita

Anko Masanja 12:58
Nimesoma. Nitaangalia

Shangazi Mama Kulwa 13:00
Utaangalia au unakuja

Shangazi Mama Kulwa 13:30
Na Mabula ile 10 haijaingia