Ni nani hasa anayeitwa jamii ya wachache?

Muulizaji, Moshi: Habari zenu, ndugu. Ikiwa Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na hakuna hata moja linalofikia nusu ya wananchi, jina hili linamhusu nani?

Jibu, Arusha: Ndugu yangu, idadi peke yake haitoshi, kwani hutazamwa pia nguvu ya kundi katika ardhi, lugha na maamuzi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao wanakadiriwa kuwa elfu moja na mia chache tu na wanajulikana kwa kuwinda na kurina asali, ndio mfano ulio karibu nasi.

Muulizaji: Mbona basi sensa haituulizi kabila?

Jibu la mwingine, Moshi: Swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Kuliacha kulisaidia umoja (mimi naliunga mkono), ingawa anayetaka kuwalindia Wahadzabe ardhi hana hesabu ya sensa ya kuanzia.