Tupeane uzoefu: Halmashauri ikinyang'anywa chanzo cha mapato, nini hufa kwanza?

Mzee wa Kasma: Wakuu, kuna mtu kauliza kwa nini gari la taka halipiti, nikakumbuka bajeti ya serikali ya Tanzania ya 2017. Ada ya mabango ya matangazo ikaenda TRA (Mamlaka ya Mapato), kodi ya majengo ilishaanza kwenda, ushuru wa mazao ukashuka kutoka 5% hadi 3% kwa ya biashara na 2% kwa ya chakula. Mliokuwa jikoni, mwageni.

Kijiko: Mafuta. Siku zote mafuta.

Hazina Ndogo: Mishahara inatoka serikali kuu, kwa hiyo watumishi hawapungui, inapungua kazi. Tuseme makisio ya mapato yasiyolindwa (ya ndani, yasiyofungwa kwa matumizi maalumu) ni bilioni 2, ikaingia 1.2. Toa 40% ya maendeleo, ikiwemo 10% ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu (4:4:2). Zinabaki milioni 720 za posho za vikao vya madiwani, dizeli, matairi, umeme, likizo na uhamisho. Baraza ni la kisheria, linalipwa kwanza. Mkaguzi wa ndani hafiki kata za mbali. Mhandisi hatoki, boma la zahanati linakwama kwenye lenta. Mgao wa vijiji ndio haufiki kabisa: mtendaji ananunua karatasi mwenyewe, kesho barua ya utambulisho ina "mchango".

Bwana Ruzuku: Unakuza mambo. 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa na fidia ikaletwa.

Hazina Ndogo: Fidia unaingoja, tena inakuja na masharti. Ushuru wa soko upo benki jioni ileile.

Mnada Alhamisi: Acheni hayo. Ukata ukibana ndipo POS (mashine za kukusanyia ushuru) zinaanza "kuharibika". Wakala anazima data, anakata risiti nje ya mtandao siku nzima, halafu mashine "inapotea" kabla haijatuma kumbukumbu. Mwingine risiti zake zipo kwenye mfumo, fedha haijafika benki. Dawa: kila asubuhi mhasibu atoe orodha ya madeni ya POS (fedha zilizokusanywa zisizofika benki), alinganishe na taarifa ya benki. Mashine isiyoonekana mtandaoni saa 24 ifungiwe, wakala aitwe.

Kijiko: Duh! Na getini?

Mnada Alhamisi: Getini ni tani moja. Mzigo wa mazao usiozidi hapo hautozwi ushuru ukivuka halmashauri, basi lori la tani saba linashushwa kabla ya kizuizi, gunia tisa tisa kwenye pikapu, linapakiwa upya mbele.

Dada Vibanda: Pandisheni kodi ya vibanda vya stendi.

Mpangaji: Vifungwe mkose vyote? Wekeni mikataba mipya kwanza, wapo wanaopangisha kibanda cha halmashauri mara tatu ya wanacholipa.

Bwana Ruzuku: Kodi ya majengo angalau inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla): nyumba ya kawaida 1,000 kwa mwezi 2021, 1,500 tangu 2023.

Mzee wa Kasma: Anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye nyumba katulia. Na daftari la majengo nani analihuisha sasa?

Kijiko: Mkurugenzi auze V8.

Hazina Ndogo: Ipo juu ya mawe, haina matairi.