Seneta akisema "Marekani lazima iongoze dunia", ana meno gani?

mdadisi_wa_kura: Wakuu, sera ya nje si kazi ya rais? Seneta anapotoa hotuba kali kuhusu NATO au uuzaji wa silaha, nitajuaje kama yana uzito?

Kifungu2: Meno yapo, ila si kila mahali. Makali zaidi ni kwenye mikataba: inataka theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria, yaani 67 wakiwepo wote 100. Rais Wilson alikwama hapo. Seneti iliukataa Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, ikaukataa tena 1920, na Marekani haikuingia Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Marais wakajifunza kukwepa kwa makubaliano yasiyopelekwa Seneti. Ubaya wake, rais ajaye huyafuta kwa saini: yale ya nyuklia na Iran ya 2015, Trump alijitoa 2018.

hesabu_za_bunge: Kwenye silaha usidanganyike na "nitazuia". Mauzo makubwa hutangazwa rasmi bungeni, siku 15 kwa nchi za NATO na 30 kwa nyingi nyingine. Azimio la kuzuia lipite mabunge yote mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, kisha rais akilipiga turufu (akilikataa) zitafutwe theluthi mbili kote kote. Mwaka 2019 maazimio dhidi ya silaha za Saudi Arabia yalipita, yakapigwa turufu, na Seneti haikuzifikisha. Breki ya kweli iko mapema: viongozi wa kamati za mambo ya nje huchelewesha kabla ya taarifa rasmi. Hiyo ni desturi tu, si sheria, kwa hiyo angalia kwanza kama huyo seneta ni kiongozi wa kamati.

Kifungu2: Turufu huvunjwa lakini. Vikwazo dhidi ya Afrika Kusini ya makaburu, 1986: Seneti 78 kwa 21, wakati chama cha Rais Reagan mwenyewe, aliyepiga turufu hiyo, ndicho kilichokuwa na wingi Seneti.

hesabu_za_bunge: Kweli, na ndiyo siri yake: chama cha rais kipasuke.

@mdadisi_wa_kura, kumpima, fungua rekodi ya kura. Kuna mtego: mswada wa kuidhinisha programu si ule wa kutenga fedha. Mtu hupiga "ndiyo" kwa wa kwanza, akapiga "hapana" kwa wa pili, na jukwaani akataja mmoja tu. Tazama pia kura ya kufunga mjadala, inayohitaji 60. Miswada mingi hufia hapo kimyakimya, bila kufika kura ya mwisho.